Alama Niliyoichora Shingoni mwa Ngamia

Mwanangu, kabla hujafungua kopo la rangi, keti kidogo. Nakumbuka siku moja ambayo hata leo ikinijia nikiwa peke yangu husema astaghfirullah kwa sauti, na wapita njia hapa Garissa hudhani mzee ameanza kuzungumza na ndoo zake. Nimesikia umechaguliwa kuchora ukuta wa tamasha la amani. Nimefurahi, na nimeogopa pia, maana mimi nami niliwahi kupewa ukuta wa namna hiyo.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nachora mabango ya hoteli na bucha, na kwa kuchora ngamia sikuwa na mpinzani. Hilo nalisema bila haya. Kituo chetu kidogo, kwenye njia ya Kutulo, kilikuwa kimetoka katika mwaka mbaya. Koo mbili ziligombania kisima kimoja mpaka watu wakaumizana. Majina ya koo hizo sikutajii, hayatakusaidia. Jua tu kwamba baba yangu alikuwa wa upande mmoja na mama wa upande wa pili, na mwaka mzima mama hakukanyaga kwao.

Hatimaye wazee wakakubaliana kunywesha mifugo kwa zamu. Ili vijana nao wakubali jambo hilo, ikaandaliwa siku ya sanaa: mashairi, ngoma, mikeka ya akina mama, na picha kubwa kwenye ukuta wa shule. Picha nikapewa mimi, mtoto wa pande zote mbili. Aliyenipendekeza ni mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama. Nilimwita abti, naye akiniita abti, kama desturi yetu ilivyo. Ndiye aliyeninunulia brashi zangu za kwanza, wenzake wakimcheka kwamba anaharibu mchungaji.

Nikachora kisima na ngamia wamekuja kunywa. Vijana wa upande wa baba walikuwa wakija na birika lao la chai, wanaketi nyuma yangu na kusifu. Siku ya mwisho mmoja akasema, "Huyo wa mbele ni mzuri, lakini hana mwenyewe." Unajua ngamia wetu hutiwa alama kwa chuma cha moto, kila ukoo na yake, na hata asiyejua kusoma kitabu huisoma hiyo. Nilielewa vizuri nilichoombwa. Nikajiambia ni pambo tu, mistari miwili shingoni. Kusema kweli, nilitaka waendelee kunisifu. Nikaichora, wakapiga makofi, nikaenda nyumbani na furaha yangu ya kijinga.

Siku yenyewe watu walijaa. Wanawake wa pande mbili waliketi mkeka mmoja, bado wakioneana haya. Chombo cha maziwa ya ngamia kikapitishwa kwa wazee, kila mmoja anywe na kumpa jirani yake, amani ionekane kwa macho. Kilipomfikia abti, alikuwa ametazama ukutani. Ngamia mwenye alama ya ukoo wa baba ameinamia maji, na wengine wote wako nyuma yake, wanangoja. Abti akampa jirani yake kile chombo bila kunywa. Akainuka, akachukua fimbo yake, akaondoka. Wazee wa upande wake wakamfuata mmoja mmoja, na mshairi wao pia. Kufikia adhuhuri nusu ya uwanja ilikuwa tupu.

Nilimkuta mama nyumbani. Hakunikaripia. Aliniambia tu, "Nilikuwa nimeshafunga mizigo, nirudi kwetu na ndugu zangu leo jioni." Akapiga magoti, akaanza kuifungua. Mwanangu, nimepigwa maishani na nimefiwa, lakini sijui kama nimewahi kuumia kama pale.

Nikaenda mbio kwa abti, nikamwambia naifuta ile alama sasa hivi.

"Ukutani utaifuta," akasema. "Na waliokwisha kuisoma, utawafuta vipi?"

Nikamwomba apokee haal, kile kitu ambacho kwetu mtu humpa aliyemvunjia heshima ili kumtuliza moyo. Nikasema nitatafuta mbuzi.

"Sitaki mbuzi, abti. Kesho ni zamu yetu. Njoo ushuke kisimani."

Kile kisima kilikuwa na kina cha watu wanne. Vijana husimama kwenye vipandio, mmoja juu ya mwenzake, na ndoo hupanda mkono kwa mkono huku wakiimba. Waliniweka chini kabisa, kwenye tope. Hakuna aliyenisemesha, na aliyekuwa juu yangu alikuwa na kovu la ule mwaka mbaya mguuni. Nikachota, nikampa, ndoo tupu ikarudi, nikachota tena. Sijui ni saa ngapi nilianza kuitikia wimbo wao. Kule chini nilikuwa naona kipande cha anga na ule mguu wenye kovu, basi. Ngamia niliwasikia tu wakinywa. Nikajiuliza, huyu anayekunywa ni wa nani? Sikuwa na njia ya kujua, na mikono ilikuwa na kazi. Nikalia, na hakuna aliyetambua, maana nilikuwa nimelowa tangu asubuhi.

Nilichota siku tatu. Siku ya tatu abti aliinama juu ya kisima akaniita, "Abti, panda, uje ule." Nikala nao sahani moja.

Ijumaa, baada ya swala, wazee wa pande zote walikaa kunisikiliza. Mmoja wao, kwa huruma, akanitengenezea njia: "Bila shaka brashi ilimteleza." Nilitamani sana kuitikia. Nikasema, "Haikuteleza. Nilijua, na nilifanya ili nisifiwe." Vijana wa upande wa baba wakanitazama vibaya, na wawili hawakunisalimia kwa muda mrefu. Lakini abti alinisogelea, akaniwekea mkono begani, akanipeleka mwenyewe mpaka ukutani. Nikafuta ngamia wote, hata wale niliowapenda. Nikachora mikono tu, inapandisha ndoo. Wiki hiyo hiyo mama alikwenda kwao, na mizigo nilibeba mimi.

Sasa nisikilize. Watu wako watakuja kusimama nyuma yako. Watakusifu, kisha wataomba kitu kidogo sana. Ukiona mkono wako unatafuta makofi yao, weka brashi chini uende ukanywe maji. Na kabla hujachora chochote kuhusu amani, tafuta wale ambao ukoo wako unawaogopa, ufanye nao kazi japo siku moja, kazi ya kuchosha. Ukikosea, na utakosea, usiseme brashi iliteleza. Sema ulilotaka, hata kama walio wako watakununia.

Allah akubarikie mikono, mwanangu. Akupe macho ya kuwaona waliowekwa nyuma. Na siku watu watakapokusanyika mbele ya ukuta wako, asiwepo hata mzee mmoja atakayechukua fimbo yake na kuondoka. Amin.