Buluba Iliyokosa Mnunuzi

Binti yangu, anayesoma kidato cha pili, aliniuliza juzi barafuto hutokeaje, ile mito ya barafu ya milimani. Nina shahada mbili, moja nimeshasahau ilihusu nini, na bado jibu lilinitoka kabla sijafikiri: "Mnunuzi asipokuja." Akanitazama kama anitazamavyo nikijaribu kucheza muziki wao.

Jibu lile si langu. Ni la mwalimu wetu wa jiografia, kijijini kwetu, mwendo wa baiskeli kutoka Bariadi. Alikuwa na kazi ngumu: kuwafundisha barafu watoto ambao baridi waliyoijua ni ya maji ya mtungi. Theluji ikianguka juu sana mlimani, alisema, jua hushindwa kuiyeyusha yote. Ya mwaka unaofuata huangukia juu yake. Iliyo chini hukandamizwa, hewa ikabanwa ikatoka, ikawa ngumu kama jiwe. Tukamkodolea macho. Basi akaweka chaki chini. "Ni buluba iliyokosa mnunuzi," akasema, kwa jina letu la Kisukuma la pamba, na darasa zima likaelewa.

Tulielewa kwa sababu tulikuwa tunalala nayo. Ilikuwa miaka ile soko lilipofunguliwa. Chama cha ushirika kilikuwa hoi, na malori ya watu binafsi yalipita yakinunua kwa bei waliyoitaka wao. Bibi yangu alikataa kuwauzia. Alikuwa mwanachama tangu ujana wake. Chama kilimwambia asubiri, naye akasubiri. Pamba ya msimu wa kwanza ikajaa chumba cha kati. Ya msimu wa pili ikamwagwa juu yake, nasi wajukuu tukaishindilia kwa miguu huku tukiimba, pua zimejaa vumbi. Sijawahi kurukia kitu laini kama kile, hata vitanda vya hoteli za semina.

Ukuta wa udongo uliotenganisha chumba kile na cha bibi ukaanza kutoa tumbo. Jirani akaja kuuangalia, akamwambia bibi, ambaye wote tulimwita mayu, yaani mama:

"Mayu, ukuta huu una mimba."

"Basi utazaa. Baba ni wewe?"

Jirani akacheka, kisha akaacha kucheka. "Uza, mayu. Au hama chumba."

"Chama kitakuja."

Wiki hiyohiyo mwalimu alifika sehemu ya pili ya somo. Barafu ikishakuwa nene, uzito wake wenyewe huiteremsha mlima. Hutembea, ila polepole mno, hakuna anayeiona. Mawe iliyoyakumbatia chini yake husugua mwamba kama msasa. Penye mwamba laini huchimba zaidi, penye mgumu hubaki kilima, na bonde lililokuwa jembamba huachwa pana kama karai. Nikampelekea bibi habari hizo mbio. Alikuwa akichagua michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa.

"Pamba haina miguu, ng'wanawane," akasema, akanitia kipande kinywani ninyamaze.

Ukuta ulianguka mchana wa mvua, tukiwa shuleni, yeye amejipumzisha kitandani. Jirani alikuwa barazani kwake akimenya karanga. Alisikia kishindo kidogo, kama ng'ombe anapolala, akaendelea kumenya. Walipomfukua bibi chini ya udongo na pamba, alikuwa ameshafariki.

Siku hizi Bariadi ni makao makuu ya mkoa, ina ofisi na bodaboda. Ghala la chama halipo, na nyumba ya bibi imerudi kuwa udongo. Ninapoishi hakuna ng'ombe, lakini humsikia mmoja akilala.

Mama alikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha bibi. Anasema walikaa muda mrefu wakichambua pamba kwenye nywele zake, nayo haikuisha. Mmoja akachoka, akaomba mkasi.

"Mwacheni nayo," mwenzake akasema. "Bado ni yake."