Ngitili Niliyoifungua Mwenyewe

Mwanamume kumwonea wivu mke wake wa ndoa kwa sababu ya ng'ombe ni aibu, lakini mimi nilimwonea, tena wivu wa kukosesha usingizi.

Nilikuwa nachimba dhahabu Nyarugusu. Kila kiangazi nilirudi nyumbani, nje kidogo ya Kahama, kwa kazi moja: kufungua ngitili, lile eneo la nyasi tunalolifunga masika ili mifugo ipate pa kula nchi ikikauka. Kwetu baba mwenye mji ndiye anayeondoa matawi ya miiba langoni. Wengine hawagusi. Hata niwe nimepotelea machimboni mwaka mzima, siku ile kila mtu alikumbuka mji ni wa nani.

Safari hii nilikuta nyasi zimefika kiunoni na ng'ombe wamenenepa. Mke wangu alikuwa akiwalisha zizini: majani ya milukina, miti ya malisho aliyoipanda mpakani, marando ya viazi aliyoyaanika, pumba za mpunga na chumvi kidogo.

"Nimeona ngitili tusiifungue mwaka huu, tuipumzishe ardhi, baba watoto," aliniambia. "Hata pale palipokuwa na kipara pameota miti."

Majirani walikuja kujifunza. Waliniamkia haraka haraka, wakapitiliza kwake. Bwana mifugo naye akamsifu mbele yangu, mimi nimekaa kwenye kigoda na soda yangu kama mkwe. Roho iliniuma. Paka akiondoka panya hutawala, nilijisemea, ila panya huyu alikuwa ametawala vizuri kuliko paka.

Asubuhi sikumwambia mtu. Niliondoa miiba, nikapiga mluzi wangu wa zamani, nikawaswaga ng'ombe wote ndani ya ngitili. Waliinamisha vichwa wakaanza kula, nami nikajiona mwenye mji tena.

Kisha ndoo ya pumba ikagongwa kule zizini. Ng'ombe wakainua vichwa. Nikapiga mluzi, wala hawakugeuza masikio. Dume langu mwenyewe, niliyemkuza tangu ndama, ndiye aliyetangulia. Wengine wakamfuata nje, wakaniacha katikati ya nyasi na fimbo yangu.

Mke wangu alikuja hadi langoni. Nilisubiri anicheke, nipate pa kuanzia ugomvi. Hakucheka. Aliokota matawi ya miiba, akayarudishia moja moja kwa mikono yake, akaacha upenyo wa mtu mmoja.

"Njoo ule," alisema. "Chako nimekifunika."

Nilikuwa na njaa. Nikapita.