Wageni Waliojaa Kwenye Kompyuta ya Baba

Nianze kwa kukiri kwamba mpaka leo, nikitaka kupita Bulyaga karibu na ule ukumbi wa kanisa, nazunguka kwenye migomba ya watu, nalowa mpaka magotini, alimradi nisikutane na yeyote aliyekuwepo siku ya send-off, sherehe ya kumuaga dada yangu Tusekile aliyekuwa anaolewa. Watu wa Tukuyu wanasahau mengi, wanasahau hata miavuli yao kanisani (na mvua yetu hii!), ila aibu ya mtu aliyejifanya msomi hawaisahau, wanaitunza vizuri kuliko mbegu.

Mnanijua. Mimi ni mwandishi wa riwaya. Yaani sijachapisha bado, lakini kofia ninayo, ndevu nazilea, na nina tabia ya kuutazama ukungu ukishuka kutoka mlimani kana kwamba umetumwa kwangu binafsi. Riwaya yangu inahusu Ziwa Masoko, nami nilikuwa naiandika kwenye kompyuta ya nyumbani, mpakato aliyoinunua marehemu baba, ya mtumba, akaiweka mezani sebuleni akasema ni ya kila mtu. Baba alipofariki nikaihamishia chumbani kwangu kimyakimya, nikaanza kuiita "karakana yangu". Hakuna aliyebisha. Walidhani ni majonzi.

Basi, ile kompyuta ikaanza kuwa nzito. Unabonyeza kitu, unakwenda jikoni, unamenya ndizi za nyumba nzima, unarudi, bado inafikiria, huku feni inavuma kama mashine ya kusaga. Nikafungua ile sehemu inayoonyesha kila programu inatumia kumbukumbu kiasi gani, nikakuta imejaa pomoni, rangi nyekundu, na mstari wa juu kabisa umeandikwa wazi kwamba mlaji mkubwa ni programu ya kuingilia mtandaoni, yaani ile yenye kurasa zangu. Mtu mwenye akili angesoma mstari huo akamaliza kazi. Mimi nikaanza kutafuta mchawi.

Mchawi wa kwanza nikamwona kwenye nyimbo za kwaya za mama, zilizokuwa zimejaa folda nzima. Nikamwambia nazifuta, ndizo zinazoielemea mashine.

"Lusajo," mama akasema, anachambua maharage wala hajaniangalia, "nyimbo zangu zinakula nini? Mbona hazijafunguliwa tangu Pasaka?"

Nikamjibu kwa ule upole wa wasomi (mnaujua, ule unaouma kuliko tusi) kwamba mambo haya ni ya ndani sana. Nikazifuta. Mashine ikabaki nzito vilevile. Nikasema basi ni virusi, nikapakua programu ya kusafisha kumbukumbu, haikusaidia, nikaongeza ya pili, nikaongeza na ya tatu, zote zinaamka pamoja na kompyuta asubuhi na kukaa humo mchana kutwa, zinasafisha, zinatangaza kwamba zimesafisha, na kila moja inakula sehemu yake. Ni sawa na kuona sebule imejaa watu, ukaita watu wengine watatu waje wakae ndani wakuhesabie.

Na ukweli ndio huo, kumbukumbu ile ilikuwa sebule. Nyimbo za mama zilikuwa chumba cha nyuma, zimelala, hazimsumbui mtu. Waliobanana sebuleni kwenye viti vichache walikuwa kurasa zangu. Nilikuwa nimefungua kurasa za mtandaoni nyingi mpaka vichwa vyao pale juu vimekuwa vyembamba kama meno ya kitana, na sikufunga hata mmoja. Nimelelewa katika nyumba ya Kinyakyusa, mgeni akiingia anakaribishwa, analishwa, analishwa tena, na kumwambia aondoke ni jambo ambalo mama angekuchapa kwa ajili yake hata kama una ndevu. Nikauhamishia ustaarabu huo kwenye kompyuta. Kila ukurasa nikiutazama naona una neno la kuniambia, nawezaje kuufukuza? Hata mashine yenyewe sikuwa naizima, naifunika tu, ilale na wageni wake tumboni.

Sasa send-off. Baba, kabla ugonjwa haujamzidi, alikaa barazani akaniambia nimrekodi kwa simu, anamwachia Tusekile maneno ya siku atakayoagwa. Simu ile baadaye ikaingia maji ikafa, video ikabaki kwenye kompyuta tu, mahali pamoja duniani. Dada alikuwa ameniambia mara nyingi, "Kaka, siku hiyo nikimwona baba basi, hata keki msilete." Kazi yangu kwenye kamati nzima ilikuwa hiyo moja: kumleta baba ukumbini.

Siku yenyewe MC wetu, Ambakisye, kijana mwenye suti inayong'aa na mdomo usiolala, akanipigia mapema. "Kaka, nitilie kwenye flashi, nitairusha kwa mashine yangu, fasta."

Nikamwambia, "Kazi ya sanaa haisafiri kwenye flashi."

(Naomba muirudie sentensi hiyo taratibu, muone mlikuwa mnaishi na mtu wa namna gani.)

Mama naye akasema, "Basi hata uizime kidogo ipumzike, halafu uiwashe." Nikafikiria kurasa zangu, nikafikiria na sura mpya ya riwaya niliyokuwa nimeiandika moja kwa moja kwenye ukurasa mmoja wa mtandaoni bila kuihifadhi popote, nikaona kuzima ni mauaji. Nikaifunika, nikaitia kwenye mfuko wa nailoni, nikapanda bajaji nimeikumbatia.

Ukumbi ulipendeza. Ukweni, watu wa Lufingo, wamekaa upande mmoja na vitenge vya sare, sisi upande wetu, mvua inapiga bati, ndizi za mbalaga zinanukia kutoka nje kwenye masufuria. Nikaitwa kutoa neno la kaka. Nikasimama na kofia yangu, nikasema, "Dada, umekuwa taa katika ukumbi wa utoto wangu," na mengine ya hivyo, sauti ikitetemeka pale inapotakiwa. Wanawake walilia. Shangazi Bupe, dada yake baba, mwanamke asiyelia hata kwenye vitunguu, alijifuta kwa ncha ya kitenge akanishukuru kwa nguvu, kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, mwanangu!" Nikarudi kwenye kiti nikiwa nimekua urefu.

MC akatangaza, "Sasa, mabibi na mabwana, tunamkaribisha mzee wetu, baba wa binti, azungumze nasi." Tusekile akakaa sawa, akaweka maua chini. Nikaunganisha waya wa projekta, nikafunua kompyuta, nikaibonyeza video.

Kiduara kinazunguka. Feni ikaanza kunguruma mpaka watu wa nyuma wakageuka kutazama kama ni jenereta. Ukutani, badala ya baba, ukatokea ujumbe mkubwa mwekundu kwamba kumbukumbu haitoshi, nifunge baadhi ya programu. Nikasema moyoni, sawa, nitafunga ukurasa mmoja mmoja, zile zisizo muhimu sana. Nilichosahau ni kwamba ukifunga mmoja, unaofuata unajitokeza mzimamzima, na kwa projekta ile unakuwa mkubwa kama ukuta wa kanisa.

Wa kwanza ulisomeka: *Namna ya kukuza ndevu zisizoota upande mmoja.*

Watu wakacheka kidogo, kwa heshima. Nikaufunga mbio. Ukaja: *Kina cha Ziwa Masoko.* Huo wa kistaarabu. Nikaufunga, ukaja: *Kina cha Ziwa Masoko*, tena. Halafu: *Picha za waandishi wakitazama dirishani.*

Hapo ndipo Ambakisye alipopata riziki yake. Akashika maiki. "Kamati, jamani, kumbe tulisahau utambulisho wa wageni! Hawa wametoka mbali, wamekaa humo bila kutambuliwa. Mgeni anayefuata, tafadhali, simama tukuone!"

Na mpiga kinanda, asiye na huruma, akaanza kugonga noti kila ukurasa unapofunguka.

"Karibu, *Mfano wa hotuba ya kupokea tuzo ya fasihi!* Mpigieni makofi, amekuja mapema kabla ya tuzo!"

Noti.

"Karibu sana, *Nimjibuje mchapishaji aliyenikataa!* Pole kwa safari, baba!"

Noti. Ukumbi mzima unagonga meza. Nami nabonyeza, jasho linaingia machoni, mashine inachukua muda wake kwa kila mmoja, inamwacha mgeni asimame ukutani mpaka watu wa Lufingo wamsome vizuri na kumtafsiria bibi yao kwa Kinyakyusa. Nikabonyeza tena. Na ndipo akasimama mgeni ambaye ningetoa hata riwaya yangu nzima asitambulishwe.

*Hotuba nzuri ya kaka kwa dada anayeolewa. Nakili hapa bure.*

Na chini yake, kwa herufi zinazosomeka kutoka mlangoni: "Dada, umekuwa taa katika ukumbi wa utoto wangu."

Ambakisye mwenyewe alishusha maiki. Ilisikika mvua tu, na halafu sauti ya Shangazi Bupe.

"We Lusajo! Nirudishie machozi yangu!"

Jamani. Jamani! Kicheko kile kilitingisha bati. Baba mkwe wa Lufingo, mzee mpole ambaye siku nzima alikuwa hajasema neno, akamwinamia mwenzake akasema (kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri), "Sisi tulikuja kumchukua binti. Huyu kaka wabaki naye."

Nikiwa nimeinama pale nikitamani sakafu inimeze, nikaona gauni jeupe limesimama kando ya meza. Tusekile. Alikuwa hacheki. Wanja ulikuwa umeanza kushuka.

"Kaka, funga zote."

"Dada, kuna sura yangu humo. Sijaihifadhi, ikifungwa..."

"Nimekuomba kitu kimoja tu," akasema, polepole, kwa sauti isiyofika kwenye maiki. "Mimi leo naondoka. Sura yako au baba?"

Unaona aibu ya kweli ilipo? Wala si ndevu. Ni kwamba nilisita. Nilisita, na yeye akaona.

Nikafunga programu nzima kwa mpigo. Nikazifunga na zile programu tatu za kusafisha. Sura ikaenda na maji (ilikuwa ya kuelezea ukungu, mwanzo mpaka mwisho, hakuna aliyeivalia nguo nyeusi). Feni ikashuka sauti, ikanyamaza kabisa kama mtu aliyetuliwa mzigo. Na ukutani, bila hata kusuasua, akatokea baba: sweta lake la kahawia, baraza yetu, migomba nyuma yake inadondosha maji.

"Tusekile mwanangu," akasema. Kisha picha ikaanza kutikisika, ikaenda upande, ikaonyesha ndoo. Sauti ya baba ikaja kutoka nje ya picha, ile ile ya kila siku: "Lusajo! Hebu shika simu vizuri. Mwanangu wewe, mambo kumi kwa mkono mmoja, na yote unayadondosha."

Sijui nieleze vipi. Watu walicheka mpaka wakalia, na safari hii machozi yalikuwa ya kwao wenyewe. Tusekile alicheka ameziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yanatetemeka, na baba pale ukutani akangoja kidogo, kana kwamba anatusikia, ndipo akaanza kumbariki.

Kompyuta nimeirudisha sebuleni. Nilimwomba mama msamaha, nikazunguka kwa wanakwaya wenzake mmoja mmoja kuzikusanya zile nyimbo upya, na kila mmoja alinitaka nimtolee kwanza hotuba ya kaka. Video ya baba nimeinakili kwenye flashi tatu, moja anayo Tusekile kwake Lufingo, na nimeapa, hapa mbele yenu, kwamba sitailaza tena mashine na wageni ndani. Mama haamini. Kila jioni akipita mezani anaegemea kiti changu, ananukia moshi wa jikoni, anachungulia kioo.

"Leo umewaweka wangapi?"

"Mmoja tu, mama."

"Ana kazi gani?"

Nikikosa jibu, naufunga.