Folda Iliyojaza Seva

Mwenzenu nimeaibika, na mpaka leo naona haya kupita mbele ya stoo.

Mimi ndiye fundi wa kompyuta kwenye kiwanda kimoja cha chai hapa Tukuyu. Seva yetu ya pamoja ilijaa, nami nikajipa jibu mapema: ni Mama Atuganile wa stoo na video zake za kwaya. Kikaoni nikawasha projekta, nikaandika amri ya kuwekea kila folda kikomo cha nafasi, huku nahutubia kama mkuu wa wilaya. "Seva si kabati la mambo ya nyumbani!"

Kompyuta ikajibu kwamba folda moja imevuka kikomo mbali mno. Jina lake namba tupu.

"Si yangu hiyo," akasema Mama Atuganile. "Ifungue, baba, tuone."

Nikaifungua kwa madaha. Nilishasahau kwamba simu yangu ilipojaa, niliitegesha ijifungulie folda kwenye seva na kumwaga humo video zake kila nikiingia ofisini. Ni zile anazonitumia mke wangu kutoka Bukoba, ambako sijarudi tangu nipate kazi huku kwenye ukungu. Sithubutu kufuta hata moja.

Video ya kwanza ikaanza kucheza, na ukutani akatokea binti yangu, mdomo umejaa senene, wale panzi wa kukaanga wa kwetu. "Baba, unakuja lini?"

Nikahangaika kutafuta kitufe cha kuzima projekta.

"Acha kuzima," akasema Mama Atuganile. "Mtoto kauliza. Mjibu kwanza."