Mama Anayekalia Mikono

Uongozi wa kiwanda umewatangazia wafanyakazi wote kwamba tangi la sabuni sasa linaongoza joto lake lenyewe, na mkono wa binadamu hauhitajiki tena. Mama wa zamu, aliyepika sabuni hapo miaka ishirini kwa kunusa mvuke, alipewa wiki moja ajifunze kurekebisha kidhibiti. Akishindwa, ahamishiwe kufungasha sabuni. Kila akibadilisha namba moja kwenye skrini, huikalia mikono yake kama mtoto aliyekatazwa kugusa chungu cha moto, na midomo yake huhesabu bila sauti hadi mia mbili.

Siku ya mtihani joto lilikuwa likipanda na kushuka, kila wimbi refu kuliko lililotangulia, na likifika nyuzi mia sabuni yote hufurika. Mama akapunguza kwa nusu ukali wa kidhibiti, yaani nguvu yake ya kufungua na kufunga mvuke unaopasha tangi, akaikalia mikono. Tisini na tano. Tisini na saba.

"Mama, ongeza ukali, usipunguze!" mhandisi aliyesimamia mtihani akafoka, kola imelowa jasho.

"Baba, mvuke una safari ndefu hadi kwenye tangi. Ukimwita mgeni mara kumi naye yuko njiani, atafika mara kumi?"

"Tisini na nane hiyo!"

"Naiona. Macho sijayakalia."

Mhandisi akanyoosha kidole kwenye kitufe cha kuongeza ukali. Mama akamzuia kwa bega, maana mikono ilikuwa na kazi. Tisini na nane ikaganda, ikaganda, kisha ikawa tisini na saba, na mawimbi yakafifia moja baada ya jingine.

Kesho yake uongozi uling'oa vali ya mkono ya kufungulia mvuke, maana mkono wa binadamu hauhitajiki tena, ukamwomba Mama aahirishe likizo yake.