Kibofu cha Kondoo na Baluni ya Mwalimu

Juzi nilipanda hadi Dundori kwa ndugu yangu, bintiye akitimiza miaka saba. Mkobani nilikuwa na pakiti ya baluni, na moyoni kinyongo cha miaka thelathini.

Unajua, rafiki, sisi hatukukua na baluni za dukani. Kondoo akichinjwa Krismasi, nyanya, shosho wetu, alidai kibofu hata kabla nyama haijagawanywa. Alikisugua kwa jivu vuguvugu, akakikanyaga polepole kwa unyayo mpaka kikalainika na kutanuka, kisha akakipuliza kwa bua la jani la malenge na kukifunga kwa uzi wa mkonge. Kilinuka moshi na mafuta. Tulikipiga teke katika shamba la viazi lililokwisha kuvunwa, na kila tulipokirusha juu, kilirudi chini.

Kwa hivyo mwalimu wa sayansi alipotwambia kwamba baluni hupaa kwa sababu pumzi ni nyepesi, niliinua mkono.

"Mwalimu, ya shosho haipai. Inaanguka tu."

Akanisimamisha juu ya dawati. "Kwao wanapuliza mkojo wa kondoo," akawaambia wenzangu. Darasa zima lilicheka, na tangu siku hiyo hadi darasa la nane niliitwa Kibofu. Krismasi iliyofuata nyanya aliniita jikoni anifundishe kukitengeneza mwenyewe. Nilimwambia huo ni uchafu. Alimtupia mbwa kile kibofu, akaendelea kupepeta maharagwe. Alifariki kabla ya Krismasi nyingine.

Mwalimu sasa amestaafu, ni jirani wa ndugu yangu. Nilijua angekuja na wajukuu wake, na nakwambia ukweli, ndiyo maana nilikwenda. Nilikuwa nimejaziwa baluni mbili kwa gesi mjini Nakuru, nikazifunga kwenye kiti, zikawa zinavuta uzi kwenda juu. Zile nyingine niliziacha tupu. Alikuja kweli, na chai ilipokwisha nikampa moja.

"Mwalimu, hebu tusaidie kupuliza."

Alipuliza mpaka machozi yakamtoka, akaifunga.

"Sasa iachilie ipae," nikasema.

Ilianguka kwenye viatu vyake. Mjukuu wake mdogo akauliza, "Guka, mbona yako imeanguka?"

Nikajibu mimi, polepole, kila mtu asikie: pumzi ni hewa kama hii iliyotuzunguka, nao mpira una uzito wake, kwa hivyo lazima baluni ishuke. Zile za kwenye kiti zina gesi nyepesi kuliko hewa. Hata mtoto aliyechezea kibofu cha kondoo alilijua hilo.

Mzee alinikazia macho. "Wewe si ni Kibofu?"

"Ndiyo mimi."

"Kumbe ulikuwa sawa," akasema, akacheka kama mtu aliyekumbushwa mchezo. Sikujali. Keki ya sherehe niliila kwa raha ambayo sijawahi kuipata kanisani.

Ndipo yule mjukuu akanivuta sketi. "Anti, hicho kibofu kinatengenezwaje? Nifundishe."

Jivu nalijua, bua nalijua. Lakini ukikikanyaga kidogo hakitanuki, ukizidisha kinapasuka, na mahali pa kuachia palijulikana na unyayo wa nyanya peke yake. Nyumba nzima haikuwa na mtu wa kumjibu yule mtoto. Nilimwambia sijui.

La dawati nimelilipiza. Hili la jikoni kwa nyanya sijamsamehe mwalimu, na sina haraka.