Betri Zilizochoka

Nyumbani kwao hakuna saa ya ukutani iliyowahi kufa kwa amani. Ikisimama tu, Dada Betri aliichomoa betri yake, akaipima, akaandika juu yake nguvu iliyobaki, kisha akaitia mkobani.

"Wenzako wanakusanya vyombo, wewe unakusanya maiti," kaka yake alimtania.

"Maiti gani? Hawa bado wanapumua. Wavivu ni ninyi mnaowazika."

Jina hilo la Dada Betri alipewa kazini, na alipewa kwa kejeli. Yeye akalibandika mlangoni.

Kazi yake ilikuwa kubuni saketi ndogo kuliko punje ya mchanga, ya kukaa ndani ya kifaa cha kusaidia sikio. Humo ndani mna mapigo ya umeme ya aina mbili: ya polepole yasiyoyumba, na ya kasi mno, mamia ya mamilioni kwa sekunde moja. Saketi huyafunga yaende pamoja, kama mama aliyemshika mtoto mkono njiani: akikimbia humvuta, akizubaa humhimiza. Mkono ukiteleza, kifaa kizima hunyamaza. Saketi iliyotumika siku zote iliachia mkono betri iliposhuka chini ya volti moja, ingawa nguvu bado ilikuwamo. Ya Dada Betri ilitakiwa ishike hadi nusu volti bila kupunguza kasi.

Na nani alimtuma? Mama yake. Kifaa cha mama kilikuwa na tabia ya kukata pale hasa maneno yaliponoga. Mama hakulalamika, aliitikia kwa kichwa na kutabasamu kana kwamba amesikia. Siku moja alitabasamu hivyo hivyo huku jirani akimsimulia msiba wake, na jirani akanuna miezi mitatu. Dada Betri alikuwepo. Aliona aibu kwa ajili ya mama yake, kisha akaona hasira, na hasira ndiyo iliyobaki.

Mhandisi Mkuu, bosi wake, hakutaka hata kuisikia saketi mpya. Ile ya zamani aliibuni yeye, na mwamba ngoma huvutia kwake. Alikuwa na mashine mpya ya kutoa umeme, aliyoifungia chumbani mwake na hakuna aliyeigusa ila yeye. Kila alipoipima saketi ya Dada Betri kwa mashine hiyo, mapigo yalitetemeka. Dada Betri akiipima mezani pake kwa betri zake zilizochoka, yalitulia tuli.

"Betri za saa si kipimo," bosi alisema. "Ongeza volti, punguza kasi, tumalize. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Guu ni langu, Mzee. Liache livunjike."

Siku ya kuchagua saketi ya kupelekwa kiwandani, kamati ilikusanyika chumbani mwa bosi. Mwenyekiti, mama mmoja mhandisi asiye na maneno mengi, alivuta kiti karibu na skrini iliyoonyesha mapigo kwa mstari. Bosi akaunganisha saketi ya Dada Betri na mashine yake, akashusha hadi nusu volti. Mstari kwenye skrini ukaanza kutetemeka.

"Mnaona wenyewe," bosi alisema kwa upole wa mtu aliyekwisha kushinda.

"Kinachotetemeka ni mashine," Dada Betri alisema.

Watu wakacheka. "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua," bosi akasema.

Dada Betri hakucheka. Aliinuka, akaichomoa saketi yake na kuiweka mezani mbele ya wote. Kisha akachukua nyaya tupu za mashine, zisizo na kitu chochote, akaziunganisha moja kwa moja na skrini. Mtetemo ulikuwa pale pale, ule ule.

"Saketi yangu hii hapa mezani," alisema. "Sasa nani anatetemeka?"

Akatoa betri mkobani, iliyotoka kwenye saa ya jikoni kwao na kuandikwa nusu volti, akaifunga kwenye saketi. Mstari ukatulia.

"Kwa volti tano mtetemo huu ni kelele ya mbu," mwenyekiti alisema taratibu. "Kwa nusu volti ni mbu ndani ya sikio."

"Saketi nzuri ingevumilia," bosi alisema, sauti imepungua.

"Ivumilie nini? Sikioni mwa mtu hamna mashine ya kuchomekwa ukutani, Mzee. Mna betri inayokufa. Mimi nimebuni kwa ajili ya hiyo, na sibadilishi hata waya mmoja."

Mwenyekiti alichukua fomu ya kiwanda, akamuuliza Dada Betri jina lake kamili, akaandika.

Jioni mama alikuwa kibarazani akichambua mchele, kichwa ameinamisha.

"Mama, saketi yangu imepita!"

Mama akainua uso, akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Unasemaje?"

"Imepita! Wameichukua!"

"Eeh?"

Basi Dada Betri akajaza kifua, akapaza sauti hadi madirisha ya majirani yakafunguka, la yule aliyenuna likiwamo: "NIMEWASHINDA, MAMA!"

Mama akaendelea kuchambua mchele wake.

"Nilikusikia tangu mara ya kwanza," alisema. "Nilitaka wao ndio wasikie."